Penalti ya bega! Mwamuzi wa jana Nkuhungu mnamjua wote, na leo lazima asemwe

Wakuu, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kusubiri ipoe. Mliokuwa uwanjani Nkuhungu jana jioni mnamjua mwamuzi ninayemzungumzia, na hata wasiokuwapo wanamjua, kwa sababu hakuna kata katika Jiji hili la Dodoma ambayo hajaiachia kilio. Jina lake silitaji, kwa kuwa halihitaji kutajwa.

Mchezo ulikuwa unaelekea ukingoni, matokeo yakiwa bao moja kwa moja. Wapinzani walipiga krosi kutoka kulia, beki wetu wa kati akaruka, mpira ukamgonga begani na kutoka nje. Ulimgonga begani, wakuu, pale pale ambapo askari hubandika cheo chake. Wapinzani wenyewe walikuwa wanakimbilia kwenye kibendera cha kona, na mpigaji wao alikuwa ameshaubeba mpira kwenda kuutenga. Ndipo kipenga kilipolia, na mwamuzi akaonyesha alama ya penalti kwa ujasiri wa mtu aliyeshuhudia mauaji.

Dodoma nzima iliona lile bega. Waliona waliokaa nyuma ya goli, waliona madereva wa bodaboda barabarani, aliona muuza karanga aliyekuwa ameupa uwanja mgongo akihesabu chenji, na ninaamini hata abiria wa treni iliyokuwa inaingia stesheni wangeitwa kutoa ushahidi wangesema ni bega.

Nahodha wetu, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti, alimfuata mikono ikiwa nyuma, akamuuliza kwa adabu: "Mwamuzi, mpira si umegonga bega?" Jibu alilopewa mbele ya wazee wa mtaa na watoto wanaomtazama kama shujaa wao lilikuwa hili: "Kama hujui mkono ni nini, nenda nyumbani ukacheze bao." Ukacheze bao! Penalti yenyewe ilifungwa, tukafungwa mabao mawili kwa moja, na hilo linauma. Lakini kauli ile ya bao ndiyo iliyoninyima usingizi.

Sheria ya 12 ya soka haina fumbo katika jambo hili. Mkono huhesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa, na bega halimo. Hata mpira ukigusa mkono wenyewe, si kila mguso ni kosa: mwamuzi anapaswa kutazama kama mchezaji ameupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi, au kama ameutanua mwili wake isivyo kawaida kwa namna alivyouweka mkono. Beki wetu mikono ilikuwa imeshuka ubavuni. Kisha mtu huyo anamwambia nahodha akacheze bao.

Zabibu Chungu: Nilikuwapo, na ninathibitisha kila neno la mleta uzi. Mwamuzi huyu alitoa penalti ya namna hiyo dhidi yetu msimu uliopita, mpira ulipotoka kwenye goti la beki wetu mwenyewe na kumrukia kiganjani, akiwa hana hata nafasi ya kupepesa jicho. Tulipomweleza kwamba mpira umetoka kwenye mwili wake mwenyewe, alituambia tumshukuru kwa kuwa hakutoa kadi nyekundu. Mtu huyu haoni mchezo, anatafuta mikono.

Mzee wa Makole: Mleta uzi, pole, lakini mmezidi kulia. Timu yenu ilicheza kipindi chote cha pili bila kulenga goli hata mara moja, na kipa wenu aliruka kushoto ilhali mpigaji alikuwa ameshageuza mwili wote kulia. Mngekuwa na mabao matatu, bega hilo lisingejadiliwa na mtu yeyote. Nawashauri mfanye mazoezi ya kupiga mashuti kabla ya kufanya mazoezi ya kuandika.

Mleta uzi: Mzee wangu wa Makole, shikamoo. Mashuti yetu hayabadilishi mahali mpira ulipogonga. Hata timu isiyolenga goli kwa mwaka mzima haistahili kuadhibiwa kwa penalti ya bega, wala nahodha wake hastahili kuambiwa akacheze bao.

Mnazi wa Ipagala: Ninyi angalau mlionewa kwa kipenga. Sisi tulionewa kwa ukimya. Beki wa wapinzani aliudaka mpira kama kipa mbele ya macho ya huyu huyu mwamuzi, naye akapunga mikono kuashiria mchezo uendelee. Na msidhani ni tatizo la viwanja vya vumbi peke yake. Tarehe 5 Julai 2024, pale Stuttgart kwenye Euro, shuti la Jamal Musiala wa Ujerumani liligonga mkono wa Marc Cucurella wa Hispania ndani ya eneo la penalti, mwamuzi Anthony Taylor akapeta, VAR, yaani waamuzi wa video, nayo haikuugeuza uamuzi, na Ujerumani ikatolewa na Hispania kwa mabao 2-1 katika muda wa nyongeza. Ikiwa wenye kamera kila kona wanapitiwa na mkono, sisi wenye macho mawili na vumbi tutapata wapi haki?

Kondoa Damu: Mnazi, kilio cha Ujerumani ni kidogo. Kilio kikubwa ni cha Ghana kwenye Kombe la Dunia mwaka 2010 pale Johannesburg. Dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, kichwa cha Dominic Adiyiah kinaingia wavuni, na Luis Suárez wa Uruguay anaupangua mpira kwa mikono kwenye mstari. Alipewa kadi nyekundu, penalti ikatolewa, Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikashinda kwa matuta 4-2. Lile lilikuwa bao. Mkono unaozuia bao kwenye mstari ulipiwe bao, si nafasi ya kubahatisha.

Mzee wa Makole: Kondoa, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mwamuzi wa siku ile alitoa kadi na penalti, yaani kila kitu ambacho sheria ilimruhusu kutoa. Gyan alikuwa mita 11 kutoka golini. Aliyekosa ni yeye.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi Nkuhungu. Tulikuwa kwenye bega na kwenye kauli ile ya bao.

Kondoa Damu: Mzee, Gyan alikosa kwa sababu aliombwa afunge mara ya pili bao ambalo Adiyiah alikuwa ameshalifunga.

Zabibu Chungu: Kondoa amesema kweli. Na mkumbuke Suárez alionekana pembeni akishangilia baada ya Gyan kugonga mwamba. Bara zima lilikuwa linalia, naye anashangilia!

Mnazi wa Ipagala: Mkifika kwa Suárez, basi msimruke Thierry Henry na Ireland mwaka 2009. Aliuweka mpira sawa kwa mkono, akampa William Gallas afunge, na Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia.

Mzee wa Makole: Henry hakuwa kwenye mstari wa goli, Mnazi. Usichanganye mambo. Turudi kwa Gyan.