Kima punju wa Jozani: mgao ufuate kima alipo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mchangiaji aliyetangulia ametaka kima punju, kima wekundu wa Zanzibar, wanaoingia mashambani upande wa kijiji cha Pete warudishwe ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, au wahamishwe kabisa, kwa kuwa mkulima hashibi picha wanazopiga watalii. Uchungu wake naujua, ila dawa yake siikubali; yangu ni mgao wa kiingilio cha wageni umfikie kila mkulima ambaye punju wako shambani mwake.

Kuhamisha kumeshajaribiwa. Miaka ya 1970 punju walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, na hadi leo waliopo kule ni wachache mno. Kuwarudisha ndani ya mpaka nako ni kujidanganya: hifadhi ina kilomita za mraba 50 hivi, na sehemu kubwa yake ni mikoko na vichaka vya maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe), wakati msitu mrefu wa mitondoo ni kipande tu. Majani machanga ya mikungu na miembe yamo mashambani, na punju hajui bikoni za mpaka. Akishakula majani hayo yenye sumu, huenda kwenye tanu kuukuu la kuchomea makaa akaokota kipande cha makaa akakitafuna taratibu, na makaa ndiyo yanayoinyonya sumu tumboni. (Wazee waliomwita punju, yaani sumu, walidhani sumu ni yeye.)

Kuhusu nazi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba minazi iliyoliwa zaidi vidaka (nazi changa) na punju haikupungukiwa na mavuno, pengine kwa sababu vilivyosalia hupata nafasi ya kukua. Hata hivyo nisingependa hoja hiyo itumike kumnyamazisha mkulima. Katika shamba la ami yangu nimeuona mwembe uliokwanyuliwa majani machanga tawi baada ya tawi, na msimu ule haukutoa embe la kuuza.

Wenye mashamba yaliyo karibu na lango, ambamo wageni hupelekwa kuwatazama punju, wamewekewa mgao katika kiingilio, na ni haki yao. Ninalodai ni kwamba mgao ufuate kima alipo, si mgeni alipo. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya punju 5,800 Unguja, na ingawa wengi wao wamo ndani ya maeneo ya hifadhi, wapo pia walio nje, kwenye mashamba na vichaka ambavyo gari la mgeni halifiki. Masheha na kamati za vijiji waanze kwa kuandika kila kundi linalala shamba la nani.