Naomba ushauri: igizo la utumwa kwa darasa la tano

Habari zenu wakuu. Nasimamia klabu ya historia, shule ya msingi hapa Bagamoyo. Watoto wamempenda Harriet Tubman, mwanamke mtumwa wa Marekani: katoroka jimbo la Maryland 1849, karudi mara kadhaa kuchukua wenzake, na 1863 akaongoza askari Mto Combahee, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu zaidi ya 700 wakakombolewa. Mimi namtaka Sojourner Truth, naye aliyekuwa mtumwa hukohuko, aliyekwenda mahakamani akarudishiwa mwanawe Peter, aliyekuwa ameuzwa, mwaka 1828. Mwanamke mweusi, hajui kusoma, na kesi akashinda!

Shida ni kwamba Peter alirudi na makovu mwilini. Tuyachore kwa rangi mgongoni mwa mtoto, au yasimuliwe tu? Baadhi ya wazazi hawataki utumwa utajwe kabisa, na Caravan Serai, kituo cha kale cha misafara ya watumwa, iko palepale mjini kwetu. Walimu wenzangu, mngefanyaje?