Kunguru wanaitika sauti lakini hawashuki, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuwinda kunguru kwa sauti na kunguru bandia.

Kificho kiko ukingoni mwa shamba, kwenye njia wanayopita asubuhi wakitoka walikolala. Nimeweka bandia 8 ardhini, wengi wakielekea upepo unakotoka, na 2 juu ya mti mkavu kama walinzi. Bundi bandia yuko kwenye nguzo, mita 25 kutoka kwangu, na spika iko chini yake ili macho yao yasije kwenye kificho. Sauti ninayopiga ni ya kunguru wakimzomea bundi.

Wanakuja haraka, tatizo ni kwamba wanazunguka juu sana, mbali na uwezo wa marisau (risasi ndogo ndogo za bunduki ya ndege). Mmoja akitoa mlio wa hatari, kundi zima linaondoka.

Bandia nimezipaka rangi nyeusi isiyong'aa (plastiki ikimeta juani inawashtua hata kama mengine yote yako sawa). Uso na mikono nafunika. Nimejaribu pia kupunguza sauti wakikaribia; afadhali kidogo tu.

Sasa naomba kujua: je, shida ni kuchanganya bundi na bandia za ardhini? Nahisi hivyo, maana kunguru hawadonoi chini kwa utulivu huku wenzao wanapigana na bundi. Na wakishafika, nizime spika kabisa au iendelee?