Deep Purple ya leo bado ni Deep Purple? Vikosi tisa, jina moja

Mleta mada

Wakuu, suala ni hili. Deep Purple, bendi ya roki, ilianzishwa Hertford, Uingereza, mwaka 1968 na watu watano: Rod Evans mwimbaji, Ritchie Blackmore gita, Jon Lord ogani, Nick Simper besi na Ian Paice drams. Leo wanaopanda jukwaani ni Ian Gillan mwimbaji, Roger Glover besi, Don Airey ogani, Simon McBride gita na Paice. Mwanzilishi aliyebaki ni mmoja. Mashabiki wanahesabu vikosi tisa, cha mwisho kikianzia 2022 McBride alipokabidhiwa gita.

Msimamo wangu: jina lilipaswa kupumzishwa Novemba 17, 1993, usiku Blackmore alipopiga onyesho lake la mwisho na bendi hiyo mjini Helsinki. Nyimbo zinazouza tiketi mpaka leo zimesimama juu ya mkono wake na ogani ya Lord. Blackmore kaondoka, Lord kastaafu 2002 na kufariki Julai 2012. Waliobaki wana kila haki ya kupiga nyimbo zile. Jina ni jambo jingine. Brian May na Roger Taylor wa bendi ya Queen walionyesha njia: baada ya kifo cha Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, na John Deacon kustaafu, waliweka alama ya kujumlisha, Queen + Paul Rodgers, kisha Queen + Adam Lambert. Mnunuzi anajua anachonunua.

Santuri za Kale

Mkuu, tuanze na miaka. Blackmore alikuwamo 1968 hadi 1975, akarudi 1984 hadi 1993. Jumla kama miaka 16. Steve Morse, mpiga gita, aliingia 1994 akatoka 2022 ili awe karibu na mkewe aliyekuwa mgonjwa: miaka 28, albamu nane za studio. Mtu aliyepiga miaka 28 unamwitaje mgeni?

Halafu hiyo unayoiita halisi yenyewe ni kikosi cha pili. Kikosi cha Kwanza kilitoa albamu tatu, na "Hush" ikafika nafasi ya 4 Marekani. Mwaka 1969 Gillan na Glover walichukuliwa kutoka bendi ya Episode Six wakaanza mazoezi kwa siri katika ukumbi wa jamii wa Hanwell, magharibi mwa London, huku Evans na Simper wakiendelea kupanda jukwaani bila kujua kwamba nafasi zao zimeshajazwa. Waliopanga hayo ni Blackmore, Lord na Paice. Kama kubadilisha watu kunaua jina, basi waliolichimbia kaburi ni hao hao unaowatetea.

Ogani na Mkwaruzo

Nawaomba tuongee kuhusu sauti, maana hapo ndipo hoja ya mleta mada ina uzito, ila inaangukia pale asipotaka.

Lord alitumia Hammond C3. Kawaida ogani hiyo huunganishwa na Leslie, lile kabati la spika zinazozunguka, linalotoa sauti laini inayopepea. Lord aliipitisha kwenye amplifaya ya Marshall, ya aina ile ile aliyotumia Blackmore. Matokeo yake ogani ikaanza kukwaruza kama gita na kukaa kwenye masafa yale yale ya kati. Chukueni "Smoke on the Water". Gita linaanza peke yake, kisha hi-hat (matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu) na ogani, kisha drams zilizobaki, kisha besi. Ogani inapoingia hausikii chombo kipya. Unasikia gita limenenepa mara mbili.

Bendi za kunakili zinakosea mahali pawili. La kwanza ni gita. Wengi wanapiga kile kipande cha mwanzo kwa noti ya msingi na ya tano yake, na kwa kipiki, kile kijiti cha kudonolea nyuzi. Blackmore alipiga noti mbili zilizoachana kwa nafasi ya nne, akizidonoa pamoja kwa vidole ili zilie kwa sekunde ile ile. Jozi ni D na G, F na B bemoli, G na C, kisha A bemoli na D bemoli inayopita haraka. Ukipiga kwa tano inakuwa nzito na yenye matope. La pili ni ogani. Anayetumia kinanda cha kisasa anachagua sauti ya kanisani. Kati ya vijiti tisa vya kuvuta vinavyochanganya sauti ya ogani, vuta vile vitatu vya kwanza kushoto hadi namba 8, vingine sita virudishe sifuri, kisha weka mkwaruzo wa amplifaya. Na anayeunganisha Hammond halisi na amplifaya ya gita lazima apunguze kwanza nguvu ya mawimbi yanayotoka, la sivyo kinachosikika ni ngurumo tupu, noti hazitofautiani.

Sasa tazameni: Don Airey anafanya hayo yote. Alianza kumshikia Lord nafasi mwaka 2001, Lord alipoumia goti, na alikwisha kupiga na Blackmore na Glover katika Rainbow, bendi nyingine ya Blackmore. Mkwaruzo wa ogani ulirithishwa. Mkono wa gita ndio haukurithishwa. Blackmore alipiga gita la Stratocaster ambalo mbao ya shingo ilichimbwa katikati ya vyuma, kidole kinavuta uzi bila kugusa mbao, na anaacha nafasi kubwa za ukimya. Morse alipiga gita la Music Man lenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) nne na hujaza kila nafasi, kipiki kikipanda na kushuka kwa kila noti. Kikosi cha 1994 hadi 2002 kilikuwa na Lord mwenyewe, na bado kilisikika tofauti kabisa na Machine Head, albamu ya Kikosi cha Pili yenye "Smoke on the Water".

Mleta mada

Basi umenisaidia, ndugu. Umesema mkono wa gita haukurithishwa. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Besi Nne

Mleta mada, ukishikilia hapo utakwama kwenye albamu ya 1990, Slaves and Masters. Blackmore yumo. Lord yumo. Paice na Glover wamo. Kilichobadilika ni mwimbaji tu: Gillan alifukuzwa 1989, akaja Joe Lynn Turner. Turner alitoka Rainbow, Glover alipiga Rainbow, na Rainbow ni bendi ya Blackmore. Watatu kati ya watano. Mashabiki wakalalamika kwamba wamenunua Rainbow yenye jalada la Deep Purple, na kwa masikio yangu walikuwa sahihi: vibwagizo vya redio, ogani imesukumwa nyuma. Kwa kipimo chako hiyo ni halali kuliko Purpendicular ya 1996 aliyopiga gita Morse, ambayo ina ujasiri na mshangao mara kumi zaidi.

Na mkono mpya unaweza kuharibika ghafla. Tommy Bolin aliyechukua gita 1975 alikuwa fundi. Sikilizeni alivyopiga kwenye albamu ya Spectrum ya Billy Cobham. Come Taste the Band, aliyopiga na Deep Purple, ni albamu nzuri inayodharauliwa bure. Lakini Tokyo, Desemba 1975, mkono wake wa kushoto haukuwa unafanya kazi sawasawa, na kwenye rekodi ya onyesho lile unasikia Lord akikimbilia kupiga sehemu za gita kwa ogani. Machi 1976 bendi ikavunjika Liverpool, na Desemba mwaka huo dawa za kulevya zikamwua Bolin akiwa na miaka 25.

Mpiga Drams

Hakuna aliyemgusa Paice, na yeye ndiye pekee aliyemo katika vikosi vyote tisa. Anapiga kwa mkono wa kushoto, seti yake imegeuzwa, hi-hat iko kulia kwake. Mapigo yake yana asili ya swing: viboko vidogo vya snea kati ya viboko vikubwa, vinavyofanya wimbo uelee badala ya kutwanga. Sikilizeni "Burn", jinsi anavyojaza viboko chini ya beti nzima bila kumfunika mwimbaji. Mwimbaji akibadilika wimbo unabadilika uso. Mpiga drams akibadilika wimbo unabadilika mwendo, na mwendo wa Deep Purple haujawahi kubadilika mikono. Kwangu hilo linatosha.

Mwanasheria wa Burudani

Ndugu zangu, mnabishana nani anastahili. Mahakama inauliza swali jingine: mwenye mali ni nani? Kwa bendi hii swali hilo lilishajibiwa.

Mwaka 1980, bendi ikiwa imevunjika, Rod Evans alizunguka Mexico, Marekani na Kanada na wanamuziki wengine kwa jina la Deep Purple. Mwanzilishi halisi, sauti ya albamu tatu za kwanza. Waliokuwa na haki ya jina walikwenda mahakamani Marekani, na yeye na wenzake wakaamriwa kulipa dola 672,000. Akapoteza pia mirabaha yake, yaani malipo ya mauzo, ya albamu zile. Uanzilishi peke yake haukumlinda.

Kabla ya hapo, 1974, meneja Clifford Davis aliwapeleka Marekani watu wasio na hata mmoja wa bendi ya Fleetwood Mac na kuwatangaza kwa jina hilo, akidai jina ni lake. Mick Fleetwood na John McVie, ambao bendi imeitwa kwa majina yao, walilazimika kulipigania kisheria.

Kesi ya kusoma vizuri ni Byford dhidi ya Oliver, Uingereza, 2003, kuhusu bendi ya Saxon. Graham Oliver na Steven Dawson walisajili jina kama alama ya biashara baada ya kutoka. Biff Byford, mwimbaji aliyeendelea bila kukatika, akaomba usajili ufutwe, akashinda. Msingi wake: jina na sifa yake ni mali ya ubia, si ya mbia mmoja mmoja. Anayetoka hatoki na kipande cha jina mfukoni.

Kwa bendi inayoanza, andikeni mapema. Jina linabaki kwa wangapi? Wakibaki chini ya idadi hiyo, linazikwa au linauzwa? Anayetoka aruhusiwe kuandika "aliyekuwa wa" kwa herufi ndogo kuliko jina lake mwenyewe. Mirabaha ya utunzi itenganishwe kabisa na jina, maana ukivichanganya kila anayeondoka atadai vyote. Meneja asisajili jina kwa jina lake. Usajili wenyewe wa alama ya biashara ni daraja la 41 kwa maonyesho, la 9 kwa rekodi, la 25 kwa fulana. Ofisi za kusajili: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ina usajili wake BPRA, Kenya ni KIPI. Kusajili Bara hakukulindi Zanzibar.

Santuri za Kale

Hapo kwenye mirabaha Kikosi cha Pili kilifanya jambo la busara. Kuanzia In Rock ya 1970 hadi Who Do We Think We Are ya 1973, nyimbo ziliandikwa kwa majina ya wote watano, hata kama wazo lilianza kwa mmoja. Ndiyo sababu Paice na Glover hawajawahi kuwa waajiriwa ndani ya bendi yao.

Katika muziki wetu wa dansi jina mara nyingi lilifuata vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jina likageuka JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, kadiri mwenye vyombo alivyobadilika. Wanamuziki walihama, vyombo vikabaki. Deep Purple haikuwa na mwajiri wa namna hiyo, ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa wa mtu na mtu, hasa Gillan na Blackmore.

Mleta mada

Sheria nimeielewa na siipingi. Lakini hakimu hasikilizi santuri. Swali langu ni la msikilizaji: anapolipa tiketi kwa sababu ya Machine Head, anauziwa nini?

Ogani na Mkwaruzo

Anauziwa nyimbo, mkuu, kwa sababu ile sauti hata wenyewe hawakuipata tena. Machine Head ilirekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971, baada ya kasino waliyokusudia kuitumia kuteketea wakati wa onyesho la Frank Zappa. Wakahamia Grand Hotel iliyofungwa kwa majira ya baridi, wakapanga vyombo kwenye korido na kuvuta nyaya hadi lori la studio la Rolling Stones lililoegeshwa nje, fundi wa mitambo akiwa Martin Birch. Kwenda kusikiliza walichorekodi kulihitaji kuzunguka vyumba na kupita roshani kwenye baridi, hivyo wakaacha kwenda. Wakipiga vizuri wanaendelea na wimbo unaofuata. Ukavu ule na ile hali ya watu wasiojisahihisha vilitoka kwenye korido. Watu wale wale watano walirudi 1984 na Perfect Strangers. Albamu imara, naipenda, lakini ni nzito, pana, ya studio ya miaka ya 80. Kikosi kile kile, sauti nyingine.

Besi Nne

Na kikosi kilichobadilika kwa uwazi kabisa ni cha Tatu. David Coverdale na Glenn Hughes walipoingia 1973 hawakujaribu kuwa Gillan. Coverdale ana sauti ya chini, Hughes ya juu, wakagawana beti. Kwenye tamasha la California Jam, Aprili 1974, nyimbo nyingi zilitoka Burn, albamu mpya. Za zamani zilikuwa chache. Mkataba na msikilizaji ni huo: unabadilisha watu, unaleta kazi mpya. Kosa linaanza bendi ikibadilisha watu na kubaki na nyimbo za watu waliotoka. Hawa wamefika albamu 23 za studio, ya karibuni ninayoihesabu ikiwa =1 ya 2024. Huwezi kuwaita bendi ya makumbusho.

Mpiga Drams

Wenye kusahau ni wanaotoa heshima. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki Marekani, ilipowaingiza 2016 iliorodhesha wanane: Blackmore, Lord, Paice, Gillan, Glover, Evans, Coverdale na Hughes. Simper hayumo, na alipiga besi albamu zile zile tatu alizoimba Evans. Bolin hayumo. Morse, aliyekuwa ametimiza miaka 22 kwenye bendi, hayumo, wala Airey. Nani atueleze kipimo gani kinamkubali Evans na kumkataa Simper?

Mleta mada

Hilo la Simper ni dhuluma, sina utetezi wake. Kwenye jina bado sijahama, ila napunguza dai: wabaki nalo, lakini kila bango na kila tiketi ichapishe majina matano chini ya jina la bendi, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na chombo cha kila mmoja.

Mwanasheria wa Burudani

Hilo linaandikika kwenye mkataba wa mwandaaji wa onyesho kwa sentensi moja. Ongeza na sharti la pili: mmoja wao akibadilishwa baada ya tiketi kuanza kuuzwa, mnunuzi apewe nafasi ya kurudishiwa fedha.

Mpiga Drams

Na jina la Paice lisiwe la mwisho kwenye orodha.