Hivi ile filta ya umeme ya viwanda vya saruji inanasa vumbi kweli, au usiku wanaizima?

Mtaa_wa_Pili
Wakuu habari za jioni. Nakaa jirani na kiwanda kimoja cha saruji, jina naliacha maana sitaki kesi. Mchana dohani yao inatoa kamoshi keupe tu ambako hata kukaona ni kazi, ila usiku kuna muda linatoka wingu la kijivu zito, linakaa dakika kadhaa halafu linakata kama halikuwepo. Asubuhi bati, majani ya mpapai, kioo cha gari, kila kitu kina unga, na ukipitisha kitambaa kibichi ndo umejimaliza, unashika hautoki. Hapa mtaani watu wanasema wale jamaa wana mashine ya umeme ya kunasa vumbi lakini usiku wanaizima kubana bili. Naomba anayeijua hiyo mashine atuelezee inafanyaje kazi, nani aliibuni, na hii habari ya kuizima ina ukweli? Wa siasa naomba apite pembeni.

Fundi_Shifti_C
Mkuu nimekaa kontroli rum ya kiwanda cha saruji muda mrefu (sio hicho chako) kwa hiyo hii naijua kwa mikono. Inaitwa ESP, kifupi cha Kiingereza cha electrostatic precipitator. Ndani yake ni chumba kikubwa kama nyumba, kimejaa sahani za chuma zimesimama wima kwa safu, sahani na sahani zimeachana kama sentimita 30 au 40, katikati zinaning'inia waya. Zile waya zinapewa umeme mkali sana, tunaongelea kilovolti 40 mpaka 70, tena wa kwenda upande mmoja tu sio huu wa nyumbani unaogeuka geuka, na sahani zimefungwa ardhini. Gesi ya kilni, yaani lile tanuru kubwa la kuchomea malighafi ya saruji, ikipita katikati, hewa iliyo karibu na waya inapasuka kiumeme, chembe za vumbi zinapata chaji hasi, zinakimbilia kwenye sahani na kung'ang'ania huko. Ni ile ile ya kitana cha plastiki kuvuta vipande vya karatasi, basi tu hapa ni kitana cha nguvu. Halafu kuna nyundo zinagonga sahani kila baada ya muda, vumbi linaporomoka chini kwenye hopa (pipa lenye umbo la faneli), linabebwa kurudishwa kwenye malighafi ya kilni. Hapo ndo ujue, lile vumbi ni mali yao, ni mawe waliyokwisha kuyachimba na kuyasaga kwa gharama.

Sasa kuhusu kuizima kubana bili, mimi hapo siamini. ESP inakula umeme kidogo ukilinganisha na lile feni kubwa la kuvuta gesi ya kilni, ukitaka kubana bili huanzii hapo. Ulichokiona usiku kwa maelezo yako nakiita kutripu kwa CO, yaani mtambo kujizima wenyewe. Makaa yasipoungua vizuri kwenye kilni, labda yameingia mengi kwa mpigo au yamelowa, inatengenezwa monoksidi ya kaboni, ndo hiyo CO, na hiyo ni gesi inayolipuka. Ndani ya ESP cheche zinaruka muda wote, kwa hiyo kuna kipimo kinasoma CO, ikivuka kiwango kilichowekwa umeme wa ESP unakatwa wenyewe hapo hapo, mtambo usije ukalipuka na watu ndani ya kiwanda. Shida ni kwamba kilni haisimami kwa sekunde, vumbi linaendelea kuja na hakuna wa kulishika, linapanda dohani lote. CO ikishuka umeme unarudi, wingu linakata. Dakika kadhaa kama ulivyosema.

Mtaa_wa_Pili
Sawa mkuu nimekupata. Lakini mbona usiku tu?

Fundi_Shifti_C
Sidhani kama ni usiku tu, mchana uko kazini na upepo unalipeleka mbali. Usiku hewa ya chini inapoa, inatulia, haichanganyiki na ya juu, kwa hiyo kilichotoka kinashuka karibu karibu. Ila sikatai, shifti ya usiku huwa na watu wachache na wasimamizi wamelala, kilni ikianza kuyumba inachelewa kurekebishwa.

Babu_Maktaba
Nijibu la aliyebuni maana hii stori ni tamu. Jina linalotajwa ni Frederick Cottrell, Mmarekani, kazaliwa Oakland, California, 1877. Kwa elimu ni mkemia, udaktari wake kaupatia Leipzig, Ujerumani, akarudi kufundisha chuo kikuu cha California pale Berkeley. Ila wazo la kuvuta moshi kwa umeme halikuanza na yeye. Leipzig hiyo hiyo, 1824, bwana mmoja anaitwa Hohlfeld alishaonesha moshi ndani ya chupa ukitoweka akiwasha umeme. Miaka ya 1880 Oliver Lodge wa Uingereza akajaribu kwa ukubwa wa kiwanda, kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi huko Bagillt, Wales, ikagoma. Mashine za umeme za wakati ule zilikuwa zile za kuzungusha visahani vya kioo, nguvu hazina, na moshi wa risasi ni mbishi haupokei chaji vizuri.

Cottrell yeye aliingia kwa mlango wa nyuma. Jirani na Berkeley, pale Pinole, kiwanda cha Du Pont kilikuwa kinatengeneza asidi ya salfuriki na kinasumbuliwa na ukungu wa asidi ile. Akajaribu kuutenganisha kwa kuuzungusha, haikutoka kitu cha maana, ndipo akarudi kwenye umeme. Na hapa kuna kitu nakipenda: jioni moja giza linaingia maabara, akaona waya uliozungushiwa nyuzi za pamba unatoa mwanga wa zambarau urefu mzima, na waya mtupu uko gizani. Kumbe vile vinyweleo vya pamba vinavyochomoza ndivyo vinamwaga umeme kwenye hewa vizuri kuliko chuma laini. Akatengeneza waya zenye vinyweleo, akatumia transfoma na swichi inayozunguka ili umeme uende upande mmoja, ukungu ukanasa. Hataza yake (patent, haki ya mbunifu) ya Marekani ni ya 1908.

Sasa Mtaa_wa_Pili sikia hii inayokuhusu. Wateja wa mwanzo hawakununua kwa kupenda mazingira. Kule Selby, kando ya ghuba ya San Francisco, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kilishapelekwa mahakamani na wakulima wa ng'ambo ya maji kwa sababu ya moshi wake. Kusini zaidi, Riverside, kiwanda cha saruji kilikuwa kinamwaga vumbi kwenye mashamba ya machungwa na wenye machungwa nao wakashtaki. Hiki cha saruji ndicho kilikuja kufanya ESP ijulikane kwenye saruji. Na ilipofika Vita Kuu ya Kwanza, potashi (chumvi ya kutengenezea mbolea) ya Ujerumani ikawa haifiki Marekani, wakagundua vumbi lile lile walilokuwa wanalipeperushia majirani lina potashi, wakaliuza kama mbolea. Yaani kiwanda kiliburuzwa mahakamani kikatoka na biashara mpya.

kidumu_kitupu
Babu hiyo hataza si ilimfanya tajiri huyo jamaa?

Babu_Maktaba
Haki zake nyingi aliziachia. 1912 ilianzishwa Research Corporation, taasisi ya kukusanya mapato ya hataza hizo na kuyarudisha kwenye utafiti, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani, walihusika kuisimamisha. Pesa zake zilikuja kuwasaidia watu kama Robert Goddard wa maroketi na Ernest Lawrence wa saiklotroni, mashine ya kukimbiza chembe za atomu. Kwa hiyo moshi wa Riverside umechangia roketi, ukipenda kuiangalia hivyo. Cottrell mwenyewe kafariki 1948, akiwa kwenye mkutano wa wanasayansi Berkeley.

kidumu_kitupu
Stori nzuri ila mimi naona mnawatetea. Kila kiwanda kinakwambia mtambo wetu unanasa asilimia 99. Kama ni 99 huu unga wa kwenye mapapai unatoka wapi?

Fundi_Shifti_C
Kidumu umegusa penyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa chenga na namba. ESP imegawanywa vyumba, sisi tunaita filidi, vinafuatana vitatu au vinne, kila kimoja na transfoma yake. Tuseme kila filidi inanasa asilimia 90 ya kilichoifikia. Ya kwanza ikabakisha 10, ya pili ikabakisha 1, ya tatu ikabakisha 0.1. Uko kwenye 99.9. Sasa filidi moja ife, unarudi 99. Meneja akisoma ripoti anaona 99.9 imekuwa 99, anasema si mbaya. Lakini kilichokuwa kinatoka ni 0.1 na sasa ni 1, yaani vumbi limeongezeka mara kumi, na wewe wa mapapai ndo unayeisoma hiyo ripoti kwenye bati lako.

Na filidi kufa ni jambo dogo sana. Waya mmoja tu ukikatika ukaegemea sahani, shoti, filidi nzima chini. Hopa ikijaa vumbi kwa sababu mtu hakuangalia mkanda wa kuondolea, vumbi linapanda mpaka linagusa waya, shoti tena. Vikombe vya kuhami umeme vikishika unyevu navyo vinapasuka. Nyundo ikivunjika sahani inavaa ganda la vumbi, umeme haupiti. Na huwezi kuingia kutengeneza kilni ikiwa inawaka, inabidi usubiri isimame, na kusimamisha kilni hakuna bosi anayetaka kusikia. Kwa hiyo mnatembea na filidi mbili mkisali.

Halafu kuna suala la vumbi lenyewe. Likiwa kavu na la moto sana linakataa kupitisha chaji, linakaa kwenye sahani limeshikilia umeme, linaanza kutoa cheche kurudi nyuma na kuvuruga kila kitu. Ndo maana kabla ya ESP kuna mnara wa kupulizia maji, gesi ipoe na ipate unyevu. Ukiona kiwanda kina shida ya maji, pua za mnara zimeziba, jua dohani itakwambia.

Mkaazi_wa_Pwani
Niko Mombasa, naomba niulize la kando. Hiyo mashine inashika na ile harufu ya kiberiti inayokereketa koo?

Fundi_Shifti_C
Hapana ndugu, inashika kigumu na matone tu. Harufu hiyo ni dioksidi ya salfa, nayo ni gesi, inapita katikati ya sahani kama hazipo. Hiyo inataka kuoshwa.

Babu_Maktaba
Hata hapo Selby kilichonaswa kilikuwa ukungu wa asidi, sio gesi. Kuosha kwenyewe kulikuja kwa ukubwa London, kituo cha umeme cha Battersea, miaka ya 1930, walikuwa wanaosha moshi wa makaa kwa maji ya mto Thames na chaki. Siku hizi mitambo mingi ya umeme wa makaa inatumia tope la chokaa, salfa inaungana na chokaa inatoka jasi, na jasi hiyo inauzwa kwa watengeneza bodi za ukuta na hao hao wa saruji.

Dada_Sembe
Mimi nina mashine ya kusaga, sina kilni wala dohani 😂 lakini vumbi ninalo na jirani anayelalamika ninaye. Kuna chochote kwa size yangu?

Fundi_Shifti_C
Dada mashine yako tayari ina moja. Ile koni ya bati iliyokaa juu, unga unatokea chini na upepo unatokea juu, hiyo ni saikloni. Upepo unaingia kwa ubavu, unazunguka, unga mzito unatupwa ukutani unateleza chini. Mmarekani Finch alichukua hataza ya kitu cha aina hiyo 1885, na wenye vinu vya nafaka walikuwa kati ya wateja wake wa kwanza. Haina umeme wala nyundo, ila unga ule mwembamba kabisa inauacha, na huo ndo unaomfikia jirani. Valisha pale juu mfuko wa kitambaa kizito cha pamba, mrefu, sio kisalfeti, maana salfeti ikibana upepo unga unaanza kutokea mlangoni pa kulishia. Ukung'ute kila jioni mashine ikiwa imezimwa, na usiruhusu mtu awashe sigara hapo, unga mwembamba hewani unalipuka.

Na kwa kweli viwanda vya saruji navyo vingi vinahamia huko huko kwenye mifuko. Wanatoa sahani na waya, wanabaki na nyumba ile ile, wanapanga maelfu ya mifuko ya nyuzi za kioo, inakung'utwa kwa upepo wa kompresa kwa mpigo mfupi mfupi. Faida yake kubwa kwa majirani ni kwamba CO ikipanda, mfuko haujali, unaendelea kuchuja. Hasara ni kwamba feni linavuta kwa shida zaidi na mfuko ukiungua gesi ikiwa ya moto mno unanunua upya, na sio bei ya vitenge.

Dada_Sembe
Asante kaka, kesho namtuma mtu akatafute kitambaa.

Mtaa_wa_Pili
Wakuu nimeshukuru. Sasa tukienda na mjumbe kuonana nao tuulize nini wasituzungushe?

Fundi_Shifti_C
Msiende na "mnatuua kwa vumbi", watawapa soda na fulana mrudi. Andikeni kwanza tarehe na saa za yale mawingu, hata kwa simu, na picha. Mkifika ombeni mambo mawili, rekodi ya kutripu kwa CO na rekodi ya kipimo cha vumbi cha dohani, kwa tarehe na saa hizo hizo mlizoandika. Zote mbili ziko kwenye kompyuta ya kontroli rum, mtu asiwaambie hazipo. Saa zikilingana, ulizeni kwa nini kilni inayumba na filidi ngapi ziko hai leo. Zisipolingana, yaani wingu mliliona na hakuna kutripu kulikoandikwa, basi hapo hata mimi nitaanza kuamini stori ya mtaani kwenu, nendeni NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, na daftari lenu. Na mkipiga picha angalieni, moshi mweupe unaoyeyuka karibu na mdomo wa dohani ni mvuke wa maji, huo msiupeleke. Unaoendelea kusafiri mpaka unapotelea mbali ndo vumbi.

kidumu_kitupu
Fulana wakitoa mniwekee XL.