Kuacha shokapu mbili nihamie hadteli ya kaboni: nani amewahi?

Mpandaji_Ngong: Wadau, naombeni maoni. Ninayo baiskeli ya milimani ya shokapu mbili, fremu ya alumini, shokapu zinabonyea mm 130 mbele na nyuma, kilo 14 na ushee. Wikendi nyingi niko Karura au Ngong, mara mojamoja Hell's Gate. Kuna mtu anauza hadteli ya kaboni, yaani yenye shokapu ya mbele tu, kilo 10 na nusu, magurudumu ya inchi 29. Vilima vinanimaliza. Nihame, au nitajuta kwenye mteremko?

FundiSpoki: Kwa Karura ya murram na mizizi miwili mitatu? Hizo mm 130 unazibeba bure. Halafu hesabu matengenezo. Shokapu ya nyuma inataka kufunguliwa na kupakwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, na beringi za maungio zikishakula vumbi la Hell's Gate zinalia kama mlango wa ghala. Hadteli unahangaika na ya mbele tu.

DadaUsambara: Taratibu jamani. Mie niko Lushoto na ninazo zote mbili. Hadteli ukikanyaga inaondoka, sikatai. Ila penye mawe hukai kitako; unasimama juu ya pedali, magoti na viwiko ndiyo shokapu yako. Saa ya kwanza raha, saa ya nne kiuno kinadai haki yake. Na msidhani kila mlima ni wa hadteli. Njia ikiwa ya mizizi na kokoto, gurudumu la nyuma lenye shokapu linashika ardhi, lile jingine linarukaruka na kuzunguka bure. Kulhavý, yule Mcheki, alichukua dhahabu ya baiskeli za milimani Olimpiki London 2012 na shokapu mbili.

cheni_kavu: Kulhavý alikuwa na mafundi wangapi nyuma yake, dada? 😀 Mkuu, ukiichukua, toa tyubu siku hiyohiyo. Tairi za 2.4, maji ya kuzibia ndani, upepo psi 20 hadi 22 kama una kilo 70 hivi. Hapo ndipo utajua hadteli ni nini. Wengi wanaoilaani wanajaza 40.

FundiSpoki: Na kwa kuwa ni mtumba, ikague. Kaboni haibonyei ukaona, inapasuka kimyakimya. Osha fremu, kisha igonge kwa sarafu kuanzia pale mikono ya pedali inapofungwa kwenda nyuma. Mlio mkavu ukigeuka ghafla kuwa mzito, tabaka zimeachana hapo, mwachie mwenyewe. Chungulia pia pale tairi la nyuma linapopita karibu na fremu, tope lenye mchanga hukwangua. Klempu ya kiti usiikaze kwa hasira: tafuta spana ya kupima nguvu, fuata namba iliyoandikwa, nyingi ni 5 Nm.

Mpandaji_Ngong: Shukrani wote. Muuzaji amekubali niijaribu Jumamosi. Nguzo ya kiti ina unene wa mm 27.2.

DadaUsambara: Hiyo 27.2 safi, inanepa kuliko zile nene. Ila usiijaribu kwa kupanda tu, ndugu yangu. Teremka nayo ukiwa umeshachoka.