Land Rover 109 inakata hafu shafti kila msimu, nifanyeje?

alizeti_kongwa: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina 109 ya zamani Series 2A, nabebea magunia ya alizeti huku Kongwa na kuna korongo la mchanga lazima nivuke, njia nyingine hamna. Hafu shafti ya nyuma, ile ya ndani ya ekseli inayozungusha tairi, imekatika mara ya tatu sasa, ile ya pili fundi aliichomelea haikumaliza wiki. Kuna anayeniambia nichomelee bamba chini ya hausingi (ganda la ekseli). Juzi tumelala porini tunalinda magunia, nimechoka kweli.

fundi_chemba: Pole sana mkuu. Bamba linazuia hausingi isipinde, shafti halisaidii, maana kwenye 109 mzigo unabebwa na hausingi na habu (kitovu cha gurudumu), shafti kazi yake kuzungusha tu. Na kuchomelea achana nako kabisa, ile imepewa ugumu kwa moto kiwandani, ukiichoma chuma kinaharibika pembeni ya weldi na ndo hapohapo itakatika. Angalia ilipokatikia, ikiwa laini ina mistari kama ya gamba la kombe ujue ufa ni wa siku nyingi, ikiwa imejinyonga basi imezidiwa nguvu.

dereva_mpwapwa: Umefunga tairi gani? Hiyo gari ni 7.50-16, ukiweka kubwa zaidi unaipa shafti kazi. Kinachoua ni tairi kuzunguka bure mchangani halafu ikamate jiwe ghafla na wewe umekanyaga mafuta. Punguza upepo, ingiza foo wili (tairi zote nne zivute) kabla hujashuka, usisubiri ukwame.

alizeti_kongwa: Tairi ni hizohizo 7.50. Shafti nimeiangalia, meno ya mwisho wake yamelala upande kama kamba iliyosokotwa. Foo wili sina mkuu, propela ya mbele, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu ekseli ya mbele, niliitoa mwaka juzi kupunguza mafuta.

fundi_chemba: Basi ugonjwa ndo huo! Nguvu yote inaishia nyuma kwenye shafti za meno 10. Rudisha propela, na mbele ikivuta hata nyuma ikikatika unachomoa kipande unatoka porini mwenyewe taratibu. Ukipata hela tafuta ekseli nzima ya Salisbury, ile ya 109 Series 3, meno 24, ila propela ya nyuma ipimwe upya. Na difu (gia za katikati ya ekseli) uifungue aisee, usifunge shafti mpya vipande vya ile ya zamani bado vimo ndani.

alizeti_kongwa: Asanteni sana wakuu. Propela ipo stoo chini ya magunia, kesho asubuhi naitoa.